Kitabu cha Chicago na fomu ya mdogo wangu

Jamani nipo. Najua nimewatupa kwa muda, na wapo walioanza kuulizana kama nimeacha kuandika au nimeolewa. Hakuna kati ya hayo. Nilikuwa naandika na kufuta, naandika na kufuta. Kisa chenyewe ni cha Desemba 2023, na sikukileta wakati ule kwa sababu mjomba aliniomba nikae nacho mpaka mambo yatulie. Sasa ameniruhusu kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu wala la kijiji. Basi mjue tu kwamba ni Muleba, upande wa Ihangiro ya zamani, na kwamba kulikuwa na mvua.

Tuanze na kitabu. Pale Bukoba mjini, njia ya kuelekea stendi, kuna mzee hutandaza turubai na kuuza vitabu vya mitumba. Vingi ni vya dini na vya mapishi ya vyakula ambavyo hatuna. Siku hiyo nikaona Divergent, jalada limechanika nusu, shilingi elfu tatu. Nikakumbuka kwamba mdogo wangu (mtoto wa mama mdogo, ila kwetu huyo ni mdogo wangu tumbo moja) aliwahi kuona sinema yake kwenye kibanda umiza, ile iliyowekewa sauti ya Kiswahili juu, na mpaka leo anaamini wale watu wa Chicago walisema "oya mwanangu". Nikanunua nimpelekee. Nikaanza kukisoma mwenyewe kwenye Hiace, na tulipofika Kemondo nilikuwa nimeshasahau kwamba kuna kuku chini ya kiti changu.

Kwa ambao hamkijui: mwandishi ni Mmarekani, Veronica Roth, aliyekianza akiwa bado chuoni kikatoka mwaka 2011. Ni Chicago ya miaka mingi ijayo. Ziwa Michigan limekauka limekuwa tope, mji umezungushiwa uzio, na watu wamegawanywa katika makundi matano: wanaojinyima kwa ajili ya wengine, wapenda amani, wasema kweli, majasiri na wasomi. Ukifika miaka 16 unapimwa kujua wewe ni wa wapi, halafu kesho yake unasimama mbele ya mji mzima, unajikata kiganja kwa kisu na kudondosha damu kwenye bakuli la kundi unalolichagua. Bakuli la wasomi lina maji, la majasiri lina makaa ya moto, na kadhalika. Ukichagua kundi lisilo la wazazi wako, basi tena, umewaacha, kwa sababu wanafundishwa kwamba kundi linatangulia ndugu. Na ukishindwa mafunzo ya kundi ulilochagua unakuwa mtu asiye na kundi. Hao ndio wanaozoa taka na kuendesha mabasi, na wanalala kwenye magofu. Msichana wetu, Beatrice, anapimwa na majibu yanatoka matatu. Yule mama anayempima anamwambia afiche jambo hilo kabisa, maana mtu asiyeingia kwenye boksi moja anauawa.

Niseme ukweli, kama kitabu kina matatizo yake. Mapenzi yanakula kurasa nyingi kuliko inavyostahili, na mwishoni ni risasi tu. Halafu huo mpango wenyewe wa kugawa watu kwa sifa moja ungeshindwa Bukoba kabla ya saa nne asubuhi. Tanzania nzima ingetutupa Wahaya wote kwenye bakuli la wasomi, tukaanza kugombea humo humo nani kasoma zaidi. Nshomile hatuna jirani.

Ila hawa wasio na kundi ndio walionishika. Kutoka ufukweni Bukoba unaona kisiwa cha Musira, lile jiwe kubwa. Siku hizi wanaishi wavuvi, lakini wazee husimulia kwamba zamani ndiko walikopelekwa wezi na wachawi, waliokataliwa na watu wao. Nimekua nikikiangalia hicho kisiwa kama picha ya kalenda. Nilipofika kwenye kurasa za wale watu wa magofuni nikakifikiria kwa namna nyingine.

Sasa fomu. Mdogo wangu alikuwa amemaliza kidato cha sita mwaka huo na hakuwa na namba ya kitambulisho cha taifa. Mnajua maana yake. Tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, na zisizosajiliwa kuanza kufungwa Januari 2020, bila namba huna hata simu yako mwenyewe. Laini yake ilikuwa kwa jina la mjomba, kwa hiyo kila ujumbe wa pesa ulikuwa unamshukuru mjomba. Mimi yangu niliipata kwa upande wa baba, Mhaya wa vitongoji vya Bukoba ambaye babu zake wote wanajulikana mpaka yule aliyeua chui. Hakuna aliyeniuliza habari za upande wa mama. Mdogo wangu hana bahati hiyo. Baba yake hakuwahi kujitokeza, mama mdogo alifariki akiwa na miaka minne, akalelewa na bibi. Kila kitu chake kinapita kwa bibi.

Kwenye ofisi moja alikutana na afisa aliyemhoji vizuri tu, kwa upole, akiangalia karatasi. Unatoka wapi, mama yako kazaliwa wapi, bibi yako je. Akamwambia ahesabu kwa Kihaya moja mpaka kumi. Mdogo wangu anaongea Kihaya kuliko mimi. Lakini kuhesabu alifundishwa na bibi kwenye kahawa, debe kwa debe, na bibi akiwa na kahawa hahesabu kwa Kihaya. Kwa woga mtoto akafungua mdomo ikatoka "rimwe, kabiri…" Akasimama hapo. Afisa akainua kichwa. Kwa wasiojua, hiyo ni hesabu ya ng'ambo ya mto Kagera, ya Rwanda. Akaambiwa aende alete kielelezo cha kuzaliwa kwa bibi yake, chochote kile.

Nyumbani kwetu jambo hili lilikuwa linajulikana kama unavyojua kuna nyoka darini. Hulitaji, unapita. Baba yake bibi aliingia Ihangiro akiwa kijana mdogo akitokea Gisaka, mashariki ya Rwanda, wakati wa ile njaa ya 1928 na 1929 waliyoiita Rwakayihura. Hakuwa peke yake. Vibanja vya kahawa vya Buhaya vililimwa kwa jasho la watu wengi waliotoka Rwanda na Burundi kutafuta ujira, na walikuwa na jina la dharau walilopewa ambalo siliandiki hapa. Kinachonichekesha, kama kinachekesha, ni kwamba alipozaliwa, Gisaka na Ihangiro zilikuwa chini ya bendera moja ya Mjerumani. Baada ya vita ya kwanza Gisaka ikapewa Mwingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikarudishwa kwa Mbelgiji. Yaani mzee wetu akiwa mtoto alibadilishiwa wenye nchi mara tatu bila kutoka uani kwao. Na tukienda nyuma zaidi, zipo koo zinazokutwa pande zote za mto. Basita wapo Karagwe na wapo Rwanda, na hakuna aliyewauliza walivuka lini.

Nilifika jioni. Mdogo wangu alikuwa amejifungia, kwa hiyo kitabu nikakipeleka jikoni kwa bibi. Nikaanza kumsimulia kwa Kihaya changu cha mjini huku akimenya ndizi, nikijua mtoto anasikia kupitia ukuta. Siku ya pili alitoka akakaa mlangoni. Siku ya tatu yeye ndiye alikuwa anasoma na kutafsiri, mimi nikipuliza moto.

Bibi ni msikilizaji msumbufu. Hao wasio na kundi nani anawapikia? Wakifa wanazikwa kwenye kibanja cha nani? Yule msichana alipochagua kundi jingine, aliwaaga wazazi? Tukamwambia hapana, hairuhusiwi, aliwatazama tu. Bibi akasonya. Nikamwonyesha kwa kisu cha jikoni jinsi wanavyokata kiganja na damu inavyodondoka kwenye makaa. Hapo akaacha kumenya.

"Sisi baba alikatwa tumboni," akasema.

Wengi wenu mmesikia habari za omukago, undugu wa kuchanjia. Nami nilisoma shuleni kwamba ni "mila", mistari miwili, tukahama. Bibi alitueleza kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika. Tunda la kahawa lina mbegu mbili zilizolaliana ndani ya ganda moja. Zinatenganishwa, kila mtu anashika yake. Kila mmoja anachanjwa kidogo karibu na kitovu, mbegu inapakwa damu, halafu unameza ya mwenzako naye anameza yako. Kuanzia hapo watoto wake ni wako, huwezi kuoa dada yake, na akija usiku huulizi sababu. Baba yake alifanya hivyo na mwenye kibanja aliyekuwa anamlimia, na ndiye aliyemkatia kipande cha kibanja na kumtafutia mke, Mhaya wa kijiji cha jirani. Bibi akazaliwa mwaka 1944, mtoto pekee aliyepona. Ndoa yake haikudumu, akarudi na watoto kwa baba yake, akaachiwa kibanja. Ndicho hicho tulichokuwa tumekaa, ndicho analima mjomba.

Mdogo wangu akauliza, "Kwa hiyo sisi ni nani?" Bibi akamjibu kwamba yeye ni mtu ambaye hajachota maji tangu asubuhi.

Kielelezo tulikipata parokiani. Wamisionari wa zamani waliandika kila kitu, na katekista alichukua chini ya saa moja kutuonyesha kitabu kikubwa chenye harufu ya mende. Jina la bibi lipo, mwaka 1944, Ihangiro. Jina la mama yake, wa hapa. Jina la baba yake, na mbele ya jina, kwa wino uliopauka, neno moja: Gisaka. Tukaandikiwa cheti chenye maneno yote hayo na mhuri juu. Karatasi iliyothibitisha kwamba bibi kazaliwa hapa ndiyo hiyo hiyo iliyosema baba yake hakuzaliwa hapa.

Mjomba alipoiona alitaka ichomwe.

Msimcheke. Mwaka 2013 nilikuwa na miaka 16, kama Beatrice, kidato cha tatu. Julai ya mwaka huo Rais Kikwete, akiwa ziarani mkoani kwetu, aliwapa wahamiaji haramu mpaka tarehe 11 Agosti kuondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga, Kagera, Geita na Kigoma. Sababu zilikuwepo, ujambazi wa silaha barabarani haukuwa hadithi, abiria walikuwa wanasindikizwa na polisi. Lakini makumi ya maelfu ya watu waliovuka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda hawakuwa majambazi wote, na wapo waliokuwa wameishi huku miaka mingi na kuzaa huku. Jirani yetu mmoja, mzee, aliondoka kabla ya mtu yeyote kumfuata. Alipakia godoro na sufuria, ng'ombe wakatangulia. Alikuja kumuaga bibi usiku na kumrudishia jembe aliloazima. Mjomba alishinda siku zile shambani, na alikuwa anafundisha watoto kumwita bibi yao kwa jina la ukoo wa mwenye kibanja. Kwa hiyo alipoona neno Gisaka lina mhuri, hakuona cheti, aliona lori.

Nami kwa kiherehere cha uandishi nikamsomea sheria. Nikamwambia Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa hapa na mzazi mmoja aliyezaliwa hapa hakuwa na cha kuogopa, na mama yake bibi ni wa hapa. Bibi ni raia, watoto wake ni raia, huyu mtoto ni raia. Nikaongeza kisa ambacho kila mwandishi wa habari nchini anakijua, cha Jenerali Ulimwengu. Mtu alikuwa mkuu wa wilaya, akawa mbunge, akachapisha magazeti, halafu mwaka 2001 serikali ikatangaza kwamba si raia. Na hakuwa peke yake, Timothy Bandora alikuwa balozi wetu Nigeria akaambiwa hivyo hivyo. Baadaye Ulimwengu alipewa uraia wa tajnisi. Nilitaka kuonyesha kwamba mambo haya yana njia ya kutatuliwa. Mjomba akasikia kinyume chake.

"Huyo alikuwa mkubwa," akasema. "Mimi nina migomba. Sheria yako iko Dodoma, mimi niko hapa."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina zuri. Alipendekeza tutafute wazee wawili waape kwamba bibi ni mtoto wa yule mwenye kibanja. Kwa omukago hata isingekuwa uongo mtupu, tukitaka kujiliwaza. Nakiri kwamba kwa usiku mmoja nilikubaliana naye. Mimi ninayewahubiria humu habari za ukweli! Nilikuwa na kitambulisho changu kwenye pochi, ni rahisi kuwa jasiri au mwoga kwa niaba ya mwenzio.

Aliyekataa ni mtoto. Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba kwenye kitabu yule msichana anatumia kurasa mia tano anaogopa mtu atamwangalia vibaya, na yeye ameshachoka na kurasa kumi. Halafu akauliza kama sketi yake ya shule inafaa kuvaliwa ofisini.

Tulienda wote wawili. Mimi niliachwa kwenye benchi nje, kwa hiyo haya ni ya kusimuliwa. Afisa alikuwa yule yule. Akasoma cheti taratibu, kidole kikifuata mistari, kikasimama.

"Gisaka ni kijiji gani?"

Anasema alijua kwamba hapo angeweza kutaja tarafa yoyote ya Muleba na yule bwana angeandika. Alimjibu ni ng'ambo ya mto. Mto gani? Kagera. Afisa akamtazama, akatazama cheti, akasoma tena mstari wa mama yake bibi, akauliza kama huyo mama ana ndugu walio hai. Wapo. Akaandika. Akatoa nakala, akamwambia aende, ataitwa.

Hakuitwa mwezi huo wala uliofuata. Mjomba aliacha kulala vizuri. Kila pikipiki ikisimama barabarani alikuwa anatoka kuangalia. Namba ilitoka Julai 2024, miezi saba baadaye, bila maelezo yoyote, tarakimu ishirini. Mtoto alisajili laini siku hiyo hiyo Muleba mjini na simu ya kwanza akapiga nyumbani, mjomba akamwekea bibi sikioni. Nilikuwepo. Bibi hapendi simu, anapiga kelele kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya bonde. Alisikiliza habari za namba, akasema vizuri, akauliza kama amekula.

Halafu akanigeukia mimi, simu ikiwa bado sikioni, akauliza kama yule msichana wa Chicago hatimaye alirudi kwa wazazi wake.

Hadithi ile ina vitabu vitatu. Cha tatu nilishakimaliza. Nikamwambia bado nakitafuta.